Ufunguo wa barua pepe: tengeneza cheti cha kuubatilisha siku hiyo hiyo

Tangu tuanze kuhimiza usimbaji fiche wa barua pepe, yaani kuzifunga ili asizisome asiyehusika, malalamiko mengi yanayofika kwenye dawati letu yanafanana. Mtu amebadilisha kompyuta, ufunguo wake ulibaki kwenye ile ya zamani ambayo imeshafutwa kila kitu, naye anaomba tumfungulie barua zake za nyuma. Hatuwezi. Hakuna fomu ya kujaza wala mkubwa wa kuidhinisha. Barua iliyofungwa kwa mfumo wa OpenPGP hufunguliwa na ufunguo binafsi wa mpokeaji tu, ule anaobaki nao mwenyewe; mwenzake, ufunguo wa umma, huwapa watu ili wafunge barua wanazomwandikia. Asipokuwa na ule binafsi, barua hiyo imepotea hata kama bado anaiona kwenye kikasha chake.

Kutengeneza ufunguo si kazi ngumu. Programu ya barua pepe ya Thunderbird, tunayoitaja kwa sababu ndiyo inayoulizwa zaidi na si kwa kuipendelea, ina uwezo huo ndani yake tangu toleo la 78 la mwaka 2020. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya usimbaji, ongeza ufunguo mpya, kubali mapendekezo ya programu. Basi. Wanaotuandikia mara tatu kuuliza kama biti 3072, yaani urefu wa ufunguo, zinatosha: zinatosha.

Kazi yenyewe iko baada ya hapo, na inapaswa kumalizika kabla hujatuma barua ya kwanza. Weka nenosiri kuu la Thunderbird, kwani bila hilo anayeikuta kompyuta yako wazi anasoma kila kitu. Kisha toa nakala ya ufunguo binafsi. Programu itakudai nenosiri la kuilinda nakala hiyo. Iweke kwenye flashi inayokaa mbali na kompyuta, usijitumie kwa barua pepe.

Halafu kuna cheti cha kubatilisha, ambacho watu hukiruka. Hili ni faili dogo linalotangaza kwamba ufunguo wako usitumike tena. Wanaotumia GnuPG, programu nyingine ya OpenPGP, toleo la 2.1 na kuendelea hutengenezewa bila kuomba, nalo huhifadhiwa kwenye folda iitwayo openpgp-revocs.d. Ukilifungua utaona alama ya nukta mbili (:) imewekwa mbele ya vistari vya mstari wenye neno BEGIN. Imewekwa makusudi, ili usije ukabatilisha ufunguo kwa bahati mbaya. Siku ya kulitumia, futa alama hiyo kwa kihariri cha maandishi, ingiza faili kwenye programu, kisha upakie ufunguo uliobatilishwa kwenye seva ya funguo za umma ulikoutangaza. Anayekipata cheti hiki hawezi kusoma barua zako, lakini anaweza kuua ufunguo wako, kwa hiyo kitunze kama unavyotunza hati nyingine muhimu. Na kama umepoteza ufunguo binafsi na cheti huna, ufunguo wako wa umma utabaki huko nje na watu wataendelea kukuandikia barua usizoweza kuzifungua. Baadhi ya seva za zamani hazifuti kitu kabisa.

Tunarudia hili kwa sababu linaendelea kutokea: usitutumie ufunguo binafsi. Sisi tunahitaji ule wa umma, na kila anayekuandikia anahitaji huo huo. Kabla ya kuambatisha faili, lifungue usome mstari wa kwanza. Ukiona neno PRIVATE, acha. Ukishalituma, hata kama limefika kwetu peke yetu na tumelifuta, tutakushauri uhesabu kwamba limevuja: batilisha, tengeneza jingine, wajulishe wote uliowahi kuwasiliana nao. Tunajua inaudhi. Hatuna ushauri mwepesi kuliko huo.

Unapopokea ufunguo wa mtu mwingine, usiuamini kwa sababu tu una jina lake. Jina lolote linaweza kuandikwa juu ya ufunguo wowote. Mpigie simu kwa namba unayoijua tangu zamani, asome alama ya utambulisho ya ufunguo wake, ambayo kwa funguo nyingi huwa na tarakimu na herufi 40, nawe ulinganishe zote, si nne za mwisho tu.

Wapo pia wanaodhani kwamba barua ikishafungwa hakuna kinachoonekana. Nani amemwandikia nani, na saa ngapi, hubaki wazi kwa seva zinazoisafirisha. Kichwa cha barua, yaani ule mstari wa mada, nacho hubaki wazi katika programu nyingi. Thunderbird hukificha, lakini usiandike hapo jambo la siri kwa kutegemea hilo.

Mwisho wa matumizi. Thunderbird huupa ufunguo miaka 3, na ikifika watu huja wakidhani wameupoteza. Ufunguo uliopita tarehe bado unafungua barua zako za zamani, na ukiwa na ule binafsi unaweza kuusogezea tarehe mbele badala ya kuanza upya. Ila tarehe mpya haiwafikii wenzako yenyewe: pakia upya ufunguo wa umma kwenye seva, na wale uliowapa mkononi wapelekee tena.