Kodi ya pango Tanga: serikali haikupangii bei ya chumba

Kila kodi inapopanda Ngamiani au Chumbageni, wapangaji wanakuja kwangu na maneno yaleyale: "Nampeleka mwenye nyumba kwa mwenyekiti wa mtaa, serikali imekataza kupandisha kodi." Haijakataza.

Dhana hii inaniumiza kuliko zote, maana watu wanaishikilia mpaka vyombo vyao vinatolewa nje. Chanzo chake ni cha kweli. Sheria ya mwaka 1984 ilidhibiti kodi za nyumba, na mpangaji alikuwa na baraza la kupeleka malalamiko. Wazee wanaikumbuka, na watoto wao wanaisema kama ipo hadi leo. Bunge liliifuta mwaka 2005. Tangu hapo bei ya chumba ni makubaliano ya watu wawili, chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 na sheria ya mikataba. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwakalisha mkapatana, na ni jambo jema, ila hana mamlaka ya kupanga kodi. Kauli ya kiongozi jukwaani nayo si sheria, hata ipigiwe makofi vipi.

Hilo halimpi mwenye nyumba ruhusa ya kufanya atakalo. Mkataba wa mwaka ukiwa unaendelea, hawezi kuongeza elfu ishirini kwa kuwa amesikia wageni wa bomba la mafuta la Chongoleani wanatafuta vyumba. Asubiri muda uishe. Kama mnalipana mwezi kwa mwezi bila muda maalumu, notisi isipungue mwezi mmoja. Ndiyo maana nawabana wateja wangu: andikeni mkataba, andikeni kodi itapanda lini na kwa kiasi gani, kisha lipieni ushuru wa stempu. Mkataba usiolipiwa ushuru huo haupokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ulipiwe. Watu wanamlipa dalali kodi ya mwezi mzima bila kunung'unika, halafu ushuru huu mdogo wanaukimbia!

"Kulipa miezi sita mbele ni sheria." Ni mazoea tu. Unaweza kuomba miezi mitatu, na kwenye nyumba iliyokaa tupu muda mrefu mara nyingi utakubaliwa.

"Kodi ya majengo ni ya mpangaji, si inakatwa kwenye LUKU?" Hapana. Tangu 2021 mita hiyo ya umeme wa kulipia kabla ni njia ya kukusanyia tu. Mdaiwa ni mwenye nyumba. Kwa nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi tangu Julai 2023. Tunza ujumbe wa kila ununuzi wa umeme na muandike kwenye mkataba kwamba fedha hiyo itatolewa kwenye kodi ya pango.

Wengine wamechoka kupanga, wanakimbilia viwanja vya Kange na Pongwe wakiamini karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtaa ni hati miliki. Muhuri ule unaonyesha tu kwamba mliuziana mbele ya kiongozi. Kabla hujatoa hata senti ya utangulizi, nenda ofisi ya ardhi ya Jiji, uliza eneo limepimwa kwa matumizi gani na limeandikwa kwa jina la nani.