Bintimfalme wa Unguja hakuvaa buibui

Msimu wa harusi ukikaribia, simu haziishi. "Fundi, nataka vazi la kifalme, lile jeusi la mabinti wa Sultani." Halafu inakuja picha ya buibui lililojaa mawe kuanzia shingoni mpaka kwenye pindo. Nimechoka kusema. Buibui nashona, na anayelitaka nitampima leo hii. Ila asiniambie ndilo la kasrini.

Buibui lilienea Unguja mwanzoni mwa karne ya 20. Seyyid Said, Sultani mwenyewe wa Unguja, alifariki 1856, na bintiye Salme aliondoka kisiwani 1866. Pigeni hesabu wenyewe. Huko Beit al-Mtoni, kasri la Seyyid Said, wanawake walivaa kanzu za rangi, chini yake suruali, kichwani kitambaa, na usoni barakoa yenye nakshi. Wakitoka nje ndipo walipojifunika shela ya hariri. Salme ameyaeleza mavazi hayo katika kumbukumbu zake zilizochapwa Ujerumani 1886, na kuna picha yake iliyopigwa Hamburg akiwa amevaa hivyo hivyo, suruali inaonekana.

Hapo kwenye suruali ndipo mashangazi wa bibi harusi huniruka. "Suruali? Siku ya harusi?" Ndiyo, bibi, suruali ya marinda. Kitambaa kingi hukusanywa kwa mkono, mshono juu ya mshono, kikabanwa juu kidogo ya kifundo cha mguu ili rinda lisimame lenyewe. Leteni pamba nzito inayokubali wanga, au hariri ya kweli. Mkileta satini ya polista, kabla taarabu haijachanganya marinda yatakuwa yamelala, na lawama zote kwa fundi.

Na rangi! Meli za Seyyid Said zilileta vitambaa kutoka Uajemi, India, Uchina na Ulaya. Vikagawiwa kasrini, kisha wanawake wakabadilishana wao kwa wao mpaka kila mmoja apate anachokipenda. Humo mlikuwa na masuria wa Kisarkasi, watu wa milima ya Kaukasi, na wa Kihabeshi, kila mmoja na macho yake. Nyumba kama hiyo ingevaaje nyeusi tupu? Nikipewa uhuru, bibi harusi namvisha kijani au zambarau, kasabu, uzi wa dhahabu, nikiiweka kwenye kola na miguuni basi.

Mabwana harusi nao wanataka joho la dhahabu mwili mzima. Tazameni picha za Seyyid Barghash, mwana wa Seyyid Said aliyekuja kuwa Sultani: joho la rangi nzito, tarizi imekaa shingoni na kwenye ukingo wa mbele. Kifua kilichojaa nishani ni mtindo mnaouona kwenye picha za Seyyid Khalifa bin Harub, aliyetawala 1911 hadi 1960, tena nyingine alipewa na Waingereza. Nishani za kununua dukani sizishonei mtu.

Kanga kwenye maigizo ya enzi za Seyyid Said? Hapana. Kanga ilishika kasi miongo ya mwisho ya karne ya 19. Kabla yake wanawake wa kawaida na watumwa walijifunga merikani, pamba isiyotiwa rangi, na kaniki, nguo ya rangi ya nili iliyokoza.

Vikundi vya maigizo vina kosa jingine linaloniudhi: kila mwanamume jukwaani, akiwemo anayeigiza mtumwa, ana kofia na viatu. Mtumwa hakuruhusiwa. Baada ya utumwa kufutwa kisheria Unguja mwaka 1897, watu walioachwa huru walikimbilia kofia na kanzu kwa sababu hiyo hiyo. Mkimvisha kofia tangu onyesho la kwanza, mmeifuta hadithi yenyewe.

Taji je? Masultani wa Unguja walivaa kilemba, na ufungaji wake ulimtambulisha mtu wa ukoo wao wa Busaidi. Taji la plastiki rudisheni mlikolinunua, kama risiti mnayo.