Safari ya Nyangumi ya Bibi na Mjukuu Ianzie Ufuoni

Wazee wanaotaka kuwapeleka wajukuu wao kuona nyangumi huniuliza kwanza kuhusu boti: ipi ina kasi, ipi husogea karibu zaidi, na ya saa ngapi ndiyo bora. Kazi yangu ni kuwatafiti wanyama wa baharini na kuwaongoza wageni majini, na jibu langu ni kwamba siku ya kwanza ya safari ya namna hii itumike nchi kavu, juu ya rasi iliyoinuka, na boti isubiri hadi siku inayofuata. Kumwona nyangumi ni ujuzi, na ujuzi huo hujengeka kwa urahisi zaidi mahali ambapo miguu ya mzee imetulia na mtoto anaweza kuuliza maswali yake yote bila kushindana na mngurumo wa injini.

Jambo hilo linawezekana kwa sababu baadhi ya nyangumi wakubwa hukaribia sana pwani. Wengi wao hula katika maji baridi karibu na ncha za dunia wakati wa kiangazi cha huko, kisha husafiri hadi maji yenye joto ili kuzaa. Nyangumi wenye nundu wanaweza kusafiri kilomita zipatazo 8,000 kwa upande mmoja, na mama anayenyonyesha hupitisha miezi hiyo akila kidogo sana au bila kula kabisa, akitegemea mafuta aliyojiwekea mwilini. Mama wa aina hiyo hutafuta maji yaliyotulia. Ndiyo maana mtu anaweza kusimama juu ya majabali ya Hermanus, Afrika Kusini, kati ya Juni na Novemba, akawaona nyangumi wa kusini, wale wa spishi ya Eubalaena australis, wakiwa na ndama wao karibu na ufuo. Nyangumi wa kijivu nao hupita kandokando ya pwani ya California wanaposafiri kati ya bahari za Aktiki na wangwa za Baja California nchini Meksiko. Kaikōura, New Zealand, ni tofauti: hapo bonde refu la chini ya bahari hufika karibu na nchi kavu, na nyangumi wenye meno wanaozamia vilindini huonekana mwaka mzima, ila kuwaona vizuri kunahitaji chombo. Chagueni kwanza spishi na msimu, kisha mahali, na tiketi ije mwisho.

Mkishafika juu ya rasi, jua liwe nyuma yenu na muanze asubuhi, kwa kuwa pwani nyingi upepo huongezeka kadiri mchana unavyosonga, na mawimbi yakishaanza kuvunjika na kuwa na vichwa vyeupe huwa vigumu kutenganishwa na mnyama. Kitu cha kutafuta ni pumzi. Nyangumi anapoibuka hutoa hewa yenye joto kwa nguvu, nayo huchanganyika na matone ya maji ikaonekana kutoka mbali sana, na umbo lake humtaja mwenyewe. Nyangumi wasio na meno, ambao huchuja chakula kwa mabamba yenye nyuzi yaliyoota kwenye taya la juu, wana matundu mawili ya pua, ilhali wenye meno wana moja tu. Matundu ya nyangumi wa kusini yametengana, kwa hiyo pumzi yake hugawanyika na kuchora herufi V ikitazamwa kutoka mbele au nyuma. Yule mwenye kichwa kikubwa cha mraba, Physeter macrocephalus, tundu lake liko mbele ya kichwa upande wa kushoto, hivyo pumzi yake huinama mbele na kushoto. Nyangumi wa buluu husimamisha mnara wima unaoweza kufikia mita 9. Mtoto wa miaka saba hujifunza tofauti hizi kwa asubuhi moja, na nimeona mara nyingi kwamba akishazijua huacha kuuliza mnyama atatokea lini na kuanza kutabiri mwenyewe.

Kutabiri huko kuna msingi. Nyangumi akipumua mara kadhaa mfululizo, kisha akakunja mgongo na kuinua mkia wote hewani, amezama kwa muda. Yule mwenye nundu mara nyingi hurudi kabla ya robo saa kupita; yule mwenye kichwa cha mraba anaweza kukaa chini dakika 45 au zaidi, akiwinda ngisi gizani kwa kutoa sauti na kusikiliza mwangwi wake. Mkabidhini mtoto saa aweke muda. Kungoja kukiwa na kipimo hakumchoshi, na huo ndio wakati ambapo bibi au babu hupata nafasi ya kusimulia. Kuhusu darubini, nashauri inayokuza mara 7 au 8, kwa sababu inayokuza mara 10 hutikisika mno katika mkono wa mtoto na hata wa mzee, hasa chomboni. Anayetafuta atumie macho matupu kwanza. Darubini ni ya kuthibitisha.

Kuna habari moja ya kisayansi ambayo naona kila bibi anayesafiri na mjukuu wake anastahili kuijua kabla ya kufika baharini. Miongoni mwa mamalia, ni wachache mno ambao majike huacha kuzaa kisha wakaendelea kuishi miaka mingi, na ukimwondoa binadamu, ushahidi ulio wazi zaidi unatoka kwa nyangumi wenye meno, wakiwemo orka. Orka wanaokula samaki katika pwani ya Pasifiki kati ya Marekani na Kanada wamefuatiliwa mmoja mmoja tangu miaka ya 1970, kwa kupiga picha mapezi na mabaka ya migongo yao. Majike wao huacha kuzaa wakiwa na takriban miaka 40, na baadhi yao huendelea kuishi miongo kadhaa baadaye. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba majike hao wazee ndio hutangulia mbele ya kundi, hasa katika miaka ambayo samoni, samaki wanaowategemea kwa chakula, ni wachache. Mwaka 2019 utafiti mwingine ulionyesha kwamba ndama aliyefiwa na bibi yake alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa ndani ya miaka miwili iliyofuata, na hatari hiyo ilizidi samoni walipopungua. Katika makundi hayo watoto wa kike na wa kiume hubaki na mama yao maisha yote, kwa hiyo bibi, mama na mjukuu huogelea pamoja kila siku. Kwa nyangumi mwenye nundu hali ni nyingine kabisa: ndama humfuata mama yake kwa takriban mwaka mmoja, kisha huachana. Wajukuu huniuliza kwa nini orka humhitaji bibi yao hivyo, na jibu lililo karibu zaidi na ukweli ni kwamba wakati na mahali pa kuwapata samoni wachache ni elimu inayohitaji miaka mingi kuikusanya.

Siku ya boti, chagueni chombo kikubwa chenye viti na sitaha iliyo tulivu. Boti ndogo za mpira ziendazo kasi huruka juu ya mawimbi na kutua kwa kishindo, na mgongo wenye mifupa iliyodhoofika unaweza kuvunjika pingili kwa kishindo kimoja tu. Kwa mzee nazikataa bila kusita. Kaeni katikati ya chombo, mbali na omo, yaani sehemu ya mbele, mkitazama upeo wa macho. Dawa ya kuzuia kigegezi humezwa kabla ya kupanda, lakini baadhi ya dawa hizo huleta usingizi, kuchanganyikiwa au shida ya mkojo kwa wazee, na hazifai kwa baadhi ya wenye presha ya macho, kwa hiyo mfamasia aulizwe siku kadhaa mapema na aelezwe dawa nyingine zote anazotumia mzee. Jaketi la kujiokolea la mtoto lilingane na uzito wake na liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Nahodha mzuri hutambulika kwa umbali anaouacha. Australia inataka vyombo visimkaribie nyangumi zaidi ya mita 100, au mita 300 akiwa na ndama. Afrika Kusini chombo kisicho na kibali hukaa mita 300. Nahodha akijisifu kwamba atawafikisha karibu kuliko wenzake, tafuteni mwingine.

Ufuo wenyewe una mengi kwa saa za mchana. Maji hupwa zaidi siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na madimbwi ya mwambani hubaki na kaa, konokono na viti vya pweza, wale wanyama wenye umbo la nyota. Fikeni kabla maji hayajafika mwisho wa kupwa ili muwe na muda wa kurudi bila haraka, msiyape mawimbi mgongo, na kila jiwe lililoinuliwa lirudishwe kama lilivyokuwa, kwa kuwa waliojificha chini yake hukauka juani. Mtoto wa sili aliyelala peke yake mchangani kwa kawaida hajaachwa. Mama yake yuko majini akitafuta chakula. Kaeni mbali, na mkiona jeraha, mwiteni mhusika wa wanyamapori wa eneo hilo.

Mkipata picha ya upande wa chini wa mkia wa nyangumi mwenye nundu, itunzeni. Michoro ya nyeusi na nyeupe ya mkia huo haifanani kwa nyangumi wawili, na tovuti ya Happywhale hupokea picha za watu wa kawaida na kuzilinganisha na nyingine zilizokwisha kusanywa. Mjukuu aandike tarehe, saa na mahali palepale kwenye chombo, na picha ipelekwe bila kukatwa kingo. Jibu linaweza kuonyesha sehemu nyingine ambako nyangumi huyohuyo aliwahi kupigwa picha, na mara nyingine sehemu hiyo iko bahari ya mbali sana.