Kufuli la kabati ndilo adui wa kwanza wa msomaji

Siku nilipokabidhiwa maktaba ya shule nilipewa vitu vitatu: funguo mbili, kaunta buku la kuandikia wanaoazima, na onyo. Onyo lilitoka kwa mwalimu aliyenitangulia: "Madam, ukitaka amani usiazimishe. Kitabu kikipotea utakiandikia maelezo wewe." Alisema kweli. Ndani ya lile kaunta buku, jina la mwisho lilikuwa la mwanafunzi aliyemaliza shule zamani. Kabatini vitabu vilikuwa vipya kabisa, vingine kurasa zimegandana kwa unyevu. Waliowahi kuvipitia ni mchwa.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili niliyesomea ukutubi Bagamoyo. Chuoni tulikaririshwa kanuni tano za Ranganathan, mkutubi wa Madras, India, aliyezichapisha mwaka 1931. Ya kwanza ni fupi: vitabu ni vya kutumika. Mbili zinazofuata ni pacha: kila msomaji na kitabu chake, kila kitabu na msomaji wake. Niliziandika kwenye mtihani, nikapata alama zangu, nikazisahau. Zilinirudia siku ile nimesimama mbele ya kabati na funguo mkononi.

Kazi ya kwanza haikuwa kuongeza vitabu. Nilipunguza. Tulikuwa na katoni za msaada zenye miongozo ya programu za kompyuta ambazo hakuna anayezitumia tena, na kitabu kinene cha kutunza bustani wakati wa theluji. Watu wanaona haya kukitupa kitabu cha msaada, basi kinakaa mbele na kile kizuri kinajificha nyuma yake. Niliviandikia barua ya kuviondoa, mkuu wa shule akasaini shingo upande. Rafu zikabaki na mapengo, na mapengo ndiyo niliyoyataka, kwa sababu sasa ningeweza kusimamisha vitabu jalada likiangalia mlangoni. Mtoto wa Kidato cha Kwanza havutwi na mgongo wa kitabu wenye namba. Kwa mpango wa Dewey, ule wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba za masomo, fasihi ya Kiswahili ni 896.392, na namba hiyo naiandika kwenye rejista yangu. Kwenye kitabu nabandika utepe: mwekundu hadithi, kijani sayansi, buluu maisha ya watu. Wanaelewa siku hiyohiyo.

Sasa nije kwenye lugha, maana hapa ndipo ninapogombana na wenzangu.

Mwanafunzi wetu anasoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, anafika sekondari masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Walimu wengi wanaona maktaba iwe ya Kiingereza tupu ili azoee. Mimi nimewatazama hao watoto wakiwa na kitabu cha Kiingereza: kidole kinatembea chini ya neno, midomo inacheza, ukurasa mmoja unakula nusu saa, na akifika mwisho hajui nani kafanya nini. Huyo hasomi, anabeba zege. Mpe hadithi ya Kiswahili kwanza ajue utamu wa kutaka kujua kitakachotokea. Akishaujua, ataufuata hata kwenye lugha ngumu.

Kwa vitabu vya Kiingereza nawafundisha kupima kwa vidole. Fungua ukurasa wowote wa katikati, soma, kunja kidole kwa kila neno usilolijua. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kuisha, rudisha, chukua chepesi zaidi. Wanapenda kwa sababu hakuna anayewacheka. Kila mtu ana mkono wake.

Hadithi za Kiswahili za vijana nazo si nyingi, tusidanganyane. Wachapishaji hukimbilia vitabu vya kiada kwa kuwa soko lake ni la uhakika. Ndiyo maana nauheshimu Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza Tanzania mwaka 1991: ulikuwa ukinunua sehemu ya nakala kutoka kwa mchapishaji na kuzigawa shuleni, mchapishaji akapata uhakika wa soko na mtoto akapata hadithi. Vichache vya namna hiyo nilivyovikuta kabatini ndivyo vilivyoniokoa mwaka wa kwanza.

Nilianza kwa kusoma kwa sauti, dakika kumi za mwisho wa kipindi. Siku moja nilifika pale mlango unagongwa usiku na mama wa nyumba anazima taa. Nikafunga kitabu. Darasa zima: "Aaa, madam!" Nikawaambia kipo kwenye rafu, utepe mwekundu. Kesho yake asubuhi, kabla ya paredi, wanne walikuwa wamesimama mlangoni. Nakala ni moja. Walikwenda nayo dirishani, wakabanana vichwa, na mmoja aliyekuwa na kasi akawa anazuiwa mkono: "Usifunue bwana, sijafika!" Nimefundisha miaka mingi, sijawahi kumsikia mtu akisema hivyo juu ya kitabu cha kiada.

Kilichotaka kuniharibia ni muhtasari. Mwalimu wa taaluma, kwa nia njema, alitaka kila anayeazima alete ukurasa mmoja wa wahusika, dhamira na mafunzo. Wiki mbili tu, waazimaji wakapungua hadi wale wa kuhesabika. Niliomba sharti hilo tuliache. Sasa nauliza swali moja anaporudisha, "Ulifika wapi?", na akijibu kwamba kilimchosha ukurasa wa kumi, namwambia amefanya vizuri kukiacha, achague kingine. Wengine wanashtuka. Mpaka leo yupo anayeniuliza kabla ya kuazima, "Madam, hiki kitatoka kwenye mtihani?"

Wasaidizi wangu sikuwachukua viranja. Niliomba wale wanaokaa nyuma darasani. Ndio wanaogonga muhuri, wanaandika jina, kidato na tarehe ya kurudisha, na kushona vitabu vilivyofumuka kwa uzi na gundi nyeupe ya mafundi seremala. Mtu aliyekishona kitabu hawezi kuacha kukichungulia ndani.

Vinapotea? Vinapotea. Vingine vinarudi na madoa ya mchuzi. Nchini Kenya, tangu 1996, huduma ya maktaba ya taifa imekuwa ikibebesha ngamia masanduku ya vitabu kuwapelekea wafugaji wa Garissa. Wenzetu wanavitoa vipigwe na jua na vumbi la jangwani, sisi tunaogopa kumpa mtoto avuke nacho barabara! Kwa mkuu wa shule nimeomba hasara ihesabiwe kama chaki: kinachotumika kinaisha.

Muhula uliopita kitabu kimoja kilikaa nje miezi miwili. Nilishakiandika kwa kalamu nyekundu. Binti akaja nacho kimejaladiwa vizuri kwa karatasi ya kalenda ya mwaka jana, akapiga goti kidogo. "Shikamoo madam. Samahani, nilishakimaliza siku nyingi. Alikuwa nacho bibi, anasomewa na mama jioni wakichambua mchele." Halafu akauliza kama cha pili yake tunacho. Hatuna. Nimekiandika juu kabisa kwenye orodha ya kununua.