Bomba la kilomita 1,200 kwa saa kati ya Dodoma na Dar

Kila video ya usafiri wa bomba (hyperloop, chombo cha abiria kinachokimbia ndani ya bomba lililopunguzwa hewa ili isikizuie) inapozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, naulizwa: mhandisi, kwa nini tulijenga SGR, reli yetu ya kisasa, ya kilomita 160 kwa saa wakati kuna watu wanazungumzia 1,200? Swali ni la haki, hasa kwa mtu ambaye kazi yake inamtaka Dar na Dodoma ndani ya wiki moja. Mimi ni mhandisi wa njia za reli, na jibu langu linaanzia kwenye kona.

Treni inapopinda, abiria anasukumwa pembeni, na msukumo huo unakua kwa mraba wa mwendo. Kwa kilomita 160 kwa saa, kona yenye nusu kipenyo cha kilomita 2 hivi inapitika bila chai kumwagika. Mwendo ukiongezeka mara saba na nusu, kona inatakiwa kuwa pana zaidi ya mara 50, yaani nusu kipenyo cha kilomita 110. Hata ukikubali abiria wabanwe vitini na chombo kilale ubavu, bado unahitaji zaidi ya kilomita 20. Sasa angalia milima ya Kilosa, ambako hata SGR, pamoja na kona zake, imelazimika kupita kwenye mahandaki. Bomba lingetoboa milima hiyo moja kwa moja. Wajapani, ambao treni yao inayoelea kwa sumaku ilifikia kilomita 603 kwa saa mwaka 2015, njia wanayoijenga kati ya Tokyo na Nagoya sehemu kubwa iko chini ya ardhi kwa sababu hiyohiyo.

Halafu kuna ombwe. Katika pendekezo la Elon Musk la Agosti 2013, hewa ndani ya bomba inapunguzwa hadi sehemu moja ya elfu. Maana yake kila mita ya mraba ya bomba inakandamizwa kutoka nje kwa uzito wa tani 10 hivi, kilomita zote 460 hadi Dar. Na chuma kinarefuka kwa joto. Kati ya usiku wa Julai hapa Dodoma na jua la mchana, chukua tofauti ya nyuzi 20 tu: bomba likiachwa huru litarefuka mita 110. Reli tunaibana kwenye mataruma na kokoto, mkazo unaingia ardhini. Bomba lililo juu ya nguzo halina ardhi hiyo, na viungio vyake vinatakiwa kucheza bila kuvujisha hewa hata kidogo.

Ndege hewa nyembamba inaikuta bure, kilomita 10 juu, na kati ya viwanja viwili hakuna cha kujengwa wala kukarabatiwa. Kwa hiyo kwa safari ya Mwanza sibishani na ndege.

Kwa Dar ni tofauti. Bomba lingetumia dakika 28 hivi, ukihesabu kuongeza na kupunguza mwendo taratibu. Ndege hutumia takriban saa moja, lakini ongeza foleni ya kwenda uwanjani, ukaguzi na kusubiri mizigo. Bomba nalo lingekuwa na ukaguzi wake. Mchongoko, treni ya umeme ya SGR, unatumia saa tatu na nusu hivi na unakushusha karibu na Kariakoo.

Bomba lililobeba watu kwa mara ya kwanza, Nevada, Novemba 2020, lilikuwa la mita 500 na lilifika kilomita 172 kwa saa, 12 tu zaidi ya SGR yetu. Kampuni iliyolijenga ilifungwa mwishoni mwa 2023.

Fedha zikipatikana, naomba ziende kwenye njia ya pili. Kati ya Dar na Dodoma SGR ni njia moja yenye sehemu za kupishana. Treni ikichelewa, inayokuja mbele yake nayo inasubiri. Njia zikiwa mbili, treni zitaondoka mara nyingi zaidi, na mwenye kikao Mtumba, kwenye mji wa Serikali hapa Dodoma, ataweza kwa urahisi zaidi kuja asubuhi na kurudi jioni, mradi kuwe na basi la uhakika kutoka kituoni.