Usisevu kwanza: majina ya Kiarabu na Kiamhari yakivurugika kwenye QGIS

Wadau wa ramani, hili swali naulizwa mno kwa hiyo leo nalimwaga lote hapa. Mtu anapewa shepufaili (data ya ramani iliyogawanywa kwenye mafaili kadhaa) ya Oman, au Sudan, au Ethiopia, anaifungua kwenye QGIS, programu ya ramani, mipaka iko poa, barabara ziko poa, akifungua jedwali la atributi anakuta kolamu ya majina imejaa vitu kama Ù…Ø³Ù‚Ø·. Hapo wengi wanaanza kuhangaika, mara anaeksporti kwenda CSV, mara anaifungua na Excel, mara anairudisha QGIS akiwa amesevu juu ya faili lile lile la mwanzo, na kila hatua inazidi kuzika data. Tulia. Kuonekana vibaya sio kuharibika. Baiti zako mara nyingi ziko salama kabisa kwenye diski, ni programu tu ndo imezisoma kwa enkodingi (mpangilio wa baiti gani ni herufi gani) isiyo yake, na kinachoua data ni kusevu ukiwa bado uko kwenye usomaji mbaya. Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa, kopi folda zima pembeni, halafu ndo tuongee.

Sisi huku haya mambo yanatushtua kwa sababu Kiswahili kinaandikwa kwa herufi za a mpaka z bila vikorombwezo, yaani ASCII tupu, jedwali la msingi la herufi za kompyuta, na ASCII inasomeka sawa karibu kwenye kila enkodingi utakayokutana nayo kwenye GIS, yaani kazi za ramani kwa kompyuta. Unaweza kufanya kazi ya GIS miaka mingi Dar au Mombasa bila hata kujua faili lako lina enkodingi. Sehemu pekee inapotuchoma ni kile kialama cha ng', mtu akiandika Ng'ambo kwenye Word ile alama inajipinda yenyewe, ukiipeleka kwenye ramani unapata Ngâ€™ambo. Huo ndo ugonjwa wenyewe, ila kwa Kiarabu unashika jina zima.

Asili ya tatizo ni faili la .dbf. Shepufaili ina mafiga matatu, .shp ya maumbo, .shx ya faharasa na .dbf ya jedwali, na hiyo .dbf imerithiwa kutoka dBASE, programu ya miaka ya 1980, enzi ambazo kila soko la kompyuta lilikuwa na jedwali lake la herufi la baiti moja moja. Esri walipochapisha maelezo ya shepufaili mwaka 1998 hiyo .dbf ikabaki vile vile. Ndani ya kichwa cha .dbf kuna baiti moja, ile ya nafasi ya 29 ukihesabu kuanzia sifuri, inayotakiwa kusema data iko kwenye enkodingi gani, lakini programu nyingi zinaiacha sifuri au zinaandika 0x57, ambayo maana yake ni "ANSI ya mashine hii", sasa mashine ipi? Ya Muscat au ya Moshi? GDAL, ambayo ndo injini inayosoma mafaili chini ya QGIS, ikikuta 0x57 inachukulia ni ISO-8859-1, yaani herufi za Ulaya Magharibi. Baadaye ndo kikaja kifaili kidogo cha .cpg, ni maandishi ya kawaida tu, ndani yake kumeandikwa UTF-8 (enkodingi ya Unicode, orodha moja ya herufi za lugha zote) au 1256 (ya zamani ya Kiarabu) basi, na GDAL inakisoma hicho kwanza kabla ya kuangalia ile baiti. Shida ni kwamba watu wakitumiana data wanachagua .shp, .shx, .dbf na .prj (ya mfumo wa koordineti), .cpg inaachwa nyuma kwa sababu inaonekana haina kazi, ina neno moja ndani. Kesi nyingi sana ninazoletewa ziko hapo, hakuna kingine.

Sasa jifunze kuisoma hiyo takataka maana inakwambia yenyewe inatokea wapi. Chukua Muscat, kwa Kiarabu مسقط. Ikiwa imeandikwa kwa UTF-8 halafu ikasomwa kwa Windows-1252 (ya herufi za Ulaya Magharibi) utaona Ù…Ø³Ù‚Ø·, hizo Ø na Ù zinazojirudia ndo alama yake, kwa sababu herufi za kawaida za Kiarabu kwenye UTF-8 ni baiti mbili na ya kwanza karibu kila mara ni D8 au D9 (baiti huandikwa kwa namba za heksadesimali). Ikiwa iliandikwa kwa Windows-1256, ile enkodingi ya zamani ya Kiarabu kwenye Windows, halafu ikasomwa kwa 1252, utaona ãÓÞØ, herufi nne kwa herufi nne, hakuna marudio. Kirusi cha UTF-8 kinajaza Ð na Ñ kila mahali. Ukiona vialama vya almasi nyeusi yenye alama ya kuuliza ndani, �, maana yake ni kinyume, data ni ya enkodingi ya zamani na programu imelazimisha kuisoma kama UTF-8. Ukitaka uhakika usiangalie skrini, angalia baiti zenyewe kwa terminali, xxd inazionyesha kama namba:

xxd oman.dbf | less

Shuka mpaka upite kichwa, angalia upande wa namba. D8 na D9 zikipishana na namba nyingine, UTF-8 ya Kiarabu. E1 ikifuatiwa na 88 mpaka 8D, hiyo Kiamhari au Kitigrinya. Ukikuta 3F 3F 3F 3F, pole sana, hizo ni alama za kuuliza halisi, ????, mtu alishasevu kwenye enkodingi isiyo na hizo herufi na majina yamekufa, hakuna ujanja, rudi kwa aliyekutumia ukamwombe faili la awali. Halafu kuna vile viboksi vitupu □□□□, hivyo watu wanaviogopa bure, hapo data ni nzima ila fonti yako haina hizo herufi, weka Noto Sans Arabic au Noto Sans Ethiopic kwenye lebo mambo yataisha.

Kuna mtego mmoja unaowapata hata wazoefu. Kiarabu kilikuwa na enkodingi za zamani zaidi ya moja, kuna Windows-1256 na kuna ISO-8859-6, na zimefanana nusu. Mji wa Sur, ule wa majahazi uliokuwa unafanya biashara na Zanzibar, unaandikwa صور. Baiti zake kwenye 1256 ni D5 E6 D1. Ukizisoma kwa ISO-8859-6 unapata صنر, herufi za Kiarabu safi kabisa, zimeungana vizuri, zinatoka kulia kwenda kushoto, ila hakuna mji unaoitwa hivyo. Asiyesoma Kiarabu anapiga makofi anasema imekubali. Kwa hiyo kabla ya kusema umemaliza tafuta jina moja unalolijua, Muscat, Sur, Salalah, lilinganishe herufi kwa herufi na lilivyo kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, na kama kuna mzee mtaani aliyesoma madrasa mwonyeshe, dakika mbili tu atakwambia.

Ukishajua enkodingi, kutibu ni rahisi mpaka inaudhi. Njia ya haraka, fungua notepad, andika 1256, sevu kwa jina lile lile la shepufaili lakini mwisho uwe .cpg, toa leya kwenye QGIS uiongeze tena. Pia unaweza kubadilisha kwenye Properties za leya, kichupo cha Source, sehemu ya enkodingi ya data, hiyo haigusi faili inabadilisha usomaji tu kwa hiyo jaribu moja moja mpaka isomeke. Mimi napenda kumaliza kabisa, naitoa kwenye shepufaili naipeleka GeoPackage, data ya ramani kwenye faili moja, ambayo ni SQLite (database ndogo) kwa ndani na maandishi yake ni Unicode, hakuna kubahatisha tena. Natumia ogr2ogr, amri ya GDAL ya kubadilisha mafaili:

ogr2ogr -f GPKG oman.gpkg oman.shp -oo ENCODING=CP1256

Hiyo -oo inasema "puuza unachodhani, soma kwa hii". QGIS tangu toleo 3.0 la mwaka 2018 imeifanya GeoPackage kuwa chaguo la kwanza ukisevu leya na kwa kweli sioni kwa nini watu bado wanang'ang'ania shepufaili, ila haya.

Wa PostGIS (database ya ramani), nyie mna mtego wenu. Ukipakia kwa shp2pgsql, amri yake ya kuingiza shepufaili, faili ambalo sio UTF-8 linagoma, linakwambia haliwezi kubadilisha thamani fulani, halafu linakupa ushauri: jaribu LATIN1, ambayo ndo ile ISO-8859-1. Usijaribu! Ushauri huo unamfaa Mfaransa. LATIN1 inakubali baiti yoyote ile duniani, kwa hiyo kosa litapotea, jedwali litajaa, utaenda kulala kwa amani, na kwenye database yako Muscat itaitwa ãÓÞØ rasmi. Tumia -W CP1256 kama ndo yenyewe. Mimi kosa likinipigia kelele nalishukuru, enkodingi inayokubali kila kitu ndo ya kuogopa.

Na kama tayari mtu alishasevu takataka? Hapo inategemea. Kama UTF-8 ilisomwa kwa 1252 halafu ikasevuliwa tena kama UTF-8, sasa una takataka ya ghorofa mbili, lakini mara nyingi inarudishika kwa kurudi nyuma hatua ile ile, kwenye lugha ya Python ni s.encode('cp1252').decode('utf-8'), s ikiwa ni jina lililovurugika, na majina yanaibuka. Isipokuwa ف. Hii ilinichekesha nilipoielewa: ف kwenye UTF-8 ni D9 81, na Windows-1252 ina nafasi tano ambazo hazina herufi, mojawapo ni hiyo 81, kwa hiyo programu nyingine zinaiacha ipite na nyingine zinaitupa. Ndo maana unaweza kurudisha karibu Oman nzima lakini Dhofar, ظفار, inagoma. Kuna laibrari ya Python inaitwa ftfy inayajua haya mambo ya nafasi tupu, itumie badala ya kuandika kodi yako mwenyewe, ila kama ile baiti ilishatupwa hata ftfy haifufui, utabaki kuyaandika majina yenye ف kwa mkono.

Kiamhari ni hadithi nyingine. Windows haikuwahi kuwa na enkodingi ya zamani ya herufi za Kiethiopia, na Unicode iliziweka mwaka 1999 kwenye toleo 3.0, kwa hiyo kabla ya hapo watu walichora herufi za Kiethiopia juu ya nafasi za herufi za Kilatini kwenye fonti, kila mtengenezaji na mpangilio wake, na kwa vile silabi zinazidi 200 wengine waligawa kwenye fonti zaidi ya moja au wakaunganisha vipande. Data ya hivyo ukiipata hakuna enkodingi ya kuchagua kwenye menyu, usipoteze muda. Unahitaji kujua ilikuwa fonti gani na utengeneze jedwali la kubadilisha, na kusema kweli mara nyingi ni nafuu kuchukua majina upya kutoka OpenStreetMap kwa kulinganisha mahali.

Halafu kuna urefu. Kolamu ya maandishi kwenye .dbf mwisho ni baiti 254, baiti sio herufi. Kiswahili utapata herufi 254, Kiarabu 127, Kiamhari 84 tu kwa sababu kila silabi ni baiti tatu, አዲስ አበባ peke yake na nafasi ya katikati inakula 19. Jina la kolamu ndo kituko, baiti 10, yaani silabi tatu za Kiamhari. Programu nyingine zikifika kikomo zinakata katikati ya herufi, unabaki na � mwishoni mwa maelezo marefu unaanza kulaumu enkodingi wakati enkodingi haina kosa.

CSV nazo kwa kifupi: Excel ya Windows ukibofya CSV ya UTF-8 isiyo na BOM (baiti za utambulisho mwanzoni mwa faili) inaisoma kwa enkodingi ya mashine, ukisevu umeua. Iingize kwa menyu ya Data uchague UTF-8. Ukisevu kwa aina ya CSV UTF-8 inaweka baiti EF BB BF mwanzoni, kwa hiyo kwenye Python kolamu yako ya kwanza haiitwi id tena, imebeba uchafu usioonekana na join (kuunganisha majedwali) inakataa bila sababu, soma kwa 'utf-8-sig'.

Na join za majina hata enkodingi ikiwa sawa zinaweza kukataa. ي ya Kiarabu ni U+064A, ya Kiajemi ی ni U+06CC, kwa macho katikati ya neno ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni viwili, vile vile ك na ک. Majina yaliyonakiliwa toka PDF yanakuja na herufi zilizokwisha kuungwa, zile za U+FE70 kuendelea, pitisha unicodedata.normalize('NFKC', s) zitarudi za kawaida, lakini hizo ي na ی haizigusi, badilisha mwenyewe kwa replace. Ukiweza unganisha kwa kodi ya eneo, achana na majina.

Mteja akishikilia anataka shepufaili na hasikii kitu, basi mpe hivi:

ogr2ogr oman_mteja.shp oman.gpkg -lco ENCODING=UTF-8

Usipoweka hiyo -lco, ogr2ogr inaandika kwa ile ile 0x57, herufi za Kiarabu haziwezi kuingia humo, onyo linatokea mara moja tu kwenye terminali halafu linanyamaza na wewe ulikuwa unaangalia simu. Majina ya kolamu yaweke kwa Kilatini mafupi, name_ar, name_am, jina la faili lenyewe pia bila Kiarabu maana zipu zina vurugu zake, na unapoifunga hiyo zipu hakikisha .cpg imo.