Milioni ya namba moja na milioni ya namba kumi kwenye mchezo haziko sawa

Mko kumi kwenye mchezo wa kupeana hela kwa zamu, kila mwezi laki laki, kijumbe anakusanya na mmoja anabeba milioni, kila mtu kwa namba yake. Wengi wanaamini kwa vile kila mtu atabeba milioni basi wote mko sawa, namba ni bahati tu.

Hapana jamani. Namba kumi anasubiri miezi 9. Tuseme kuna sehemu hela inazaa asilimia 1 kwa mwezi, namba moja akiiweka milioni yake huko na asiiguse, siku namba kumi anabeba ya kwake, ile ya mwenzie imeshafika 1,093,685. Sasa rudi nyuma: chukua milioni gawa kwa 1.01, jibu ligawe tena, hivyo hivyo mara tisa, unapata kama 914,340, hiyo ndo milioni ya namba kumi ukiipima kwa leo. Na mchango mmetoa ule ule!

Wengine wanasema eti ni sababu vitu vinapanda bei. Bei zikipanda inauma zaidi kweli, ila hata sukari ingekaa bei ile ile mwaka mzima, hela ya leo bado ina nguvu kuliko ya mbele maana unaitumikisha, unaongeza mzigo dukani, unapunguza deni.

Na hapo kwenye deni ndo watu wanakosea sana, wanadhani riba ya kupimia hela ya mbele ina thamani gani leo ni moja kwa wote. Dada mwenye mkopo wa kausha damu wa asilimia 10 kwa mwezi, kwake milioni ya miezi 9 mbele, ukigawa kwa 1.1 mara tisa, ni kama 424,000 ya leo, haifiki hata nusu. Kwa hiyo akimlilia kijumbe ampe namba za mwanzo msimwite mroho, mpeni tu.

Halafu kuna hii ya kutoa badala ya kugawa. Milioni ya mwakani kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka wanakwambia leo ni laki tisa. Haya iweke laki tisa, riba yake 90,000, jumla 990,000, milioni haijafika. Gawa kwa 1.1, inakuja 909,091.

Bado sijagusa wale wanaobeba mapema wakaacha kuchanga, hiyo nayo inamwangukia wa mwisho. Mimi naona namba za mwisho wapunguziwe mchango kidogo, ikishindikana basi aliyefunga raundi hii ndo afungue inayofuata.